Wiki Nane za Kumfundisha Simba Asichomoke Getini: Tathmini ya Mwalimu wa Mbwa Tuliyemwajiri Kyaliwajjala

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari mwaka huu, yapata saa kumi na moja jioni, mume wangu alipiga honi mbele ya geti letu hapa Kyaliwajjala, pembezoni mwa Kampala, kama afanyavyo kila siku. Askari alivuta ubavu mmoja wa geti, na kabla gari halijaingiza hata tairi za mbele, mbwa wetu Simba alikuwa ameshapenya kati ya gari na nguzo na kukata barabara mbio. Bodaboda aliyekuwa amempakia mama mmoja alijaribu kumkwepa. Pikipiki ikalala ubavu, na mama yule akachubuka goti na kiganja. Simba hakuguswa hata unyoya. Tulimpeleka mama kliniki, tukalipia matibabu, tukalipia pia kioo na taa ya pikipiki, tukaomba radhi kwa wote wawili, nao walitupokea kwa ustaarabu mkubwa kuliko tuliostahili. Hiyo ilikuwa mara ya nne Simba kutoroka katika muda wa miezi mitatu. Usiku ule nilianza kuulizia mtu wa kumfundisha.

Naandika tathmini hii kwa sababu nilipokuwa nikitafuta sikupata mtu aliyeeleza kwa Kiswahili jinsi huduma ya namna hii inavyoendeshwa hapa kwetu, inagharimu kiasi gani, na mwenye mbwa atarajie nini. Nyumba nyingi za Kira, Najjera na Namugongo zina ukuta, geti la chuma, askari na mbwa, na naamini tatizo letu si la nyumba moja.

Mwalimu tuliyempata ni mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuwatunza na kuwafundisha mbwa wa polisi. Daktari wa mifugo anayemchanja Simba ndiye aliyetuelekeza kwake. Huchukua mbwa wachache tu kwa wakati mmoja na ameniomba nisiliandike jina lake, nami naheshimu ombi hilo; nyumbani kwetu sote tulimwita Afande, kwa hiyo hapa pia nitamwita hivyo. Makubaliano yalikuwa vikao vinane, kimoja kila wiki, kila kikao saa moja na nusu, vyote vikifanyika nyumbani kwetu, kwa jumla ya shilingi 480,000 za Uganda, nauli yake ikiwa ndani ya fedha hizo. Nusu tulilipa siku ya kwanza na nusu tukalipa baada ya kikao cha tano. Kiswahili chake ni kile cha kambini nilichokulia mimi mwenyewe, maana baba yangu alikuwa askari, na jambo hilo lilirahisisha mazungumzo yetu tangu mwanzo.

Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu mambo matatu, na yote yalituharibia. Kwanza tulimkemea kila alipokaribia geti. Kisha askari wa mchana alianza kumtishia kwa fimbo, akimchapa kila aliporudi kutoka barabarani. Mwisho tulimfunga mnyororo kutwa nzima nyuma ya nyumba. Kemeo alilizoea. Fimbo ilimfundisha kuwa kurudi ni hatari, kwa hiyo akawa anazunguka nje muda mrefu zaidi na kumkimbia kila anayemkaribia. Mnyororo ulimjaza nguvu zisizo na pa kwenda, na dakika alipofunguliwa jioni alikimbilia geti moja kwa moja. Nayasema haya waziwazi kwa sababu naona nyumba nyingi zikifuata njia hiyohiyo, moja baada ya nyingine, kama tulivyofanya sisi.

Katika kikao cha kwanza Afande hakumgusa mbwa kwa muda wa dakika arobaini. Aliomba kigoda, akaketi karibu na kibanda cha askari na kutazama. Aliuliza maswali mengi: nani hufungua geti, kwa siku linafunguliwa mara ngapi, Simba hutembezwa lini, hula nini na saa ngapi, na akitoroka huenda wapi. Swali la kutembezwa lilinifedhehesha, kwa kuwa jibu lilikuwa kwamba hatembezwi kabisa. Tulimchukulia kuwa mbwa wa ulinzi mwenye ua wake wa kutosha. Afande aliniambia, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba ua ambao mbwa ameshaunusa kila pembe kwa miaka miwili si matembezi.

Kisha akasema jambo ambalo limebaki nami tangu siku hiyo: "Mama Zawadi, mbwa huyu hana utovu wa adabu. Mbwa huyu analipwa." Alimaanisha kwamba kila geti linapofunguka na Simba akafanikiwa kupenya, barabara yenyewe humpa ujira wake: harufu mpya, mbwa wenzake, mabaki ya mahindi ya kuchoma, nafasi ya kukimbia. Hakuna kipande cha nyama tunachoweza kumpa baadaye kinachoweza kushindana na ujira huo ikiwa anaendelea kuupata. Tena, akafafanua, mbwa anayefaulu mara moja kati ya kumi hujaribu kwa bidii kuliko yule anayefaulu kila mara, kwa sababu hajui ni lini bahati itamwangukia, na kwa hiyo hakati tamaa.

Nilipokwenda kusoma zaidi niligundua kwamba hekima hiyo ya Afande ina historia ndefu. Mmarekani Edward Thorndike alichapisha mwaka 1898 majaribio yake ya kuwafungia paka ndani ya masanduku ambayo mlango wake ulifunguka mnyama alipovuta kamba au kukanyaga kibao. Mwanzoni paka walihangaika ovyo, lakini kwa kurudiarudia muda wa kutoka ulipungua, kwa kuwa tendo lililofuatwa na mlango kufunguka na kupata chakula nje lilizidi kuimarika. Simba amekuwa akifanya zoezi hilohilo getini kwetu tangu alipokuwa mtoto, na sisi ndio tuliokuwa tukimfungulia sanduku.

Kutokana na maelezo hayo, kazi ya wiki ya kwanza haikuwa kumfundisha mbwa chochote. Ilikuwa kuukata ujira. Afande alituagiza tumwite fundi wa kuchomelea atengeneze kizuizi cha pili ndani ya geti: fremu nyepesi ya chuma yenye wavu, urefu wa kifua cha mtu mzima, iliyozunguka eneo la kutosha gari moja, yenye mlango wake. Kanuni ni kwamba milango miwili haifunguki kwa wakati mmoja. Gari huingia, geti la nje hufungwa, ndipo la ndani hufunguliwa. Fundi alitutoza shilingi 350,000 pamoja na vifaa. Hiyo ni gharama ambayo haikutajwa wakati wa kupatana bei, na nadhani Afande angepaswa kuitaja mapema, kwa kuwa ilikaribia kulingana na ada yake mwenyewe. Hata hivyo, nikiulizwa leo ni shilingi zipi zilizofanya kazi kubwa zaidi katika fedha zote tulizotumia, nitazitaja hizo. Kwa nyumba isiyo na uwezo wa kujenga kizuizi hicho, alisema inatosha kumfungia mbwa chumbani au bandani kila gari linapoingia hadi mafunzo yakomae, mradi isisahaulike hata siku moja.

Nije sasa kwenye jambo lililonikera. Katika kikao cha pili Afande alikuja na cheni ya kubana shingo, ile inayokaza mbwa anapovuta, akaanza kumvuta Simba kwa nguvu kila alipoinuka kuelekea mlangoni. Simba alikohoa, akalala chini, na mkia ukaingia katikati ya miguu. Nilimwomba aache. Aliniambia kwamba ndivyo walivyofundishwa zamani na kwamba mbwa wa kazi huhitaji mkono mzito. Nilimjibu kwamba Simba si mbwa wa kazi, kwamba cheni ile inaweza kumuumiza koo, na kwamba naogopa zaidi kitu kingine: akiumia kila mgeni anapotokea getini, ataanza kuwachukia wageni wenyewe. Tulinyamaza kwa muda. Namshukuru kwamba hakushikilia msimamo kwa ajili ya heshima ya umri wake. Aliikunja cheni, akaitia mfukoni, na sikuiona tena katika vikao vilivyobaki. Kuanzia hapo tulitumia mkanda wa kifuani na kamba ndefu ya mita kumi. Lakini ukweli ni kwamba mteja asiyethubutu kumpinga mzee angeendelea kuilipia cheni hiyo, na hilo ndilo sababu kubwa ya mimi kutompa alama zote.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha huduma.

Swali la kwanza lilikuwa neno. Katika nyumba yetu mimi na mume wangu tunazungumza Kiswahili, watoto wanachanganya na Kiingereza, na dada anayetusaidia nyumbani pamoja na maaskari wote wawili ni wasemaji wa Luganda. Simba alikuwa akiambiwa "ngoja", "kaa", "rudi" na maneno mengine mengi, kila mtu kwa lugha yake, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kusikiliza hata moja. Kumbe dada alikuwa akimwambia "linda" kila anapotoka kutupa taka. Mimi niliposikia nilidhani anamwagiza mbwa alinde nyumba, nikashangaa kwa nini anamwambia hivyo huku akimsukuma mlangoni. Kwa Luganda neno hilo lina maana ya "subiri". Afande alilipenda mara moja. Alisema anayefungua geti mara nyingi zaidi ndiye anayestahili kuchagua neno, na kwa hiyo "linda" likawa neno letu sote, na "haya" likawa neno la ruhusa. Watoto walifurahi sana kwamba neno moja linaweza kumwambia mbwa asubiri kwa lugha moja na alinde kwa lugha nyingine, na kwamba kwa namna fulani yote mawili ni kweli.

Zoezi la kwanza halikufanyika mlangoni bali kwenye bakuli la chakula. Unashika bakuli juu, unasema "linda", unalishusha polepole. Mbwa akiinuka, bakuli linapanda tena bila kelele na bila hasira. Akitulia, linashuka. Linapofika chini na bado ametulia, unasema "haya". Simba alielewa katika siku mbili. Tukahamia mlango wa sebuleni. Unagusa kitasa, mbwa akitulia, anapata kipande cha ini lililochemshwa au mukene mkavu, yaani dagaa. Unazungusha ufunguo. Unafungua upana wa kidole, unafunga. Unafungua upana wa kiganja, unafunga. Akisogea, mlango unajifunga taratibu mbele yake, pasipo kumgonga pua, na kila kitu kinaanza upya. Akisubiri hadi mlango uwe wazi kabisa, ndipo anaambiwa "haya" na kutoka pamoja nawe akiwa kwenye kamba. Kutoka huko ndiko malipo yake makubwa. Hapo ndipo nilipoona akili ya mpango mzima: kile alichokuwa akikiiba ndicho tulichoanza kumpa, kwa sharti kwamba asubiri.

Afande alisisitiza vikao vifupi, dakika tano asubuhi, tano mchana na tano jioni, badala ya saa nzima mara moja kwa wiki. Alisisitiza pia tusiongeze ugumu wa aina mbili kwa wakati mmoja. Tukirefusha muda wa kusubiri, hatusogei mbali na mbwa. Tukisogea mbali, tunafupisha muda. Tukimleta mtu wa kupita nje, tunarudi hatua mbili nyuma katika mambo mengine yote. Wiki ya tatu nilikiuka agizo hili kwa kutaka kumwonyesha dada yangu aliyetutembelea jinsi Simba alivyoendelea. Nilifungua mlango wa geti dogo wakati watoto wa jirani wakicheza mpira nje, naye akachomoka hadi mwisho wa kamba. Kamba ndiyo iliyotuokoa. Ilitugharimu siku nne kurudi tulipokuwa.

Ubunifu ambao sikuutarajia ulikuja wiki ya nne. Afande alitandika gunia kuukuu kando ya kibanda cha askari na kumfundisha Simba kulala juu yake kwa ajili ya mukene. Kisha akamwomba mume wangu akae ndani ya gari, uani, na kupiga honi. Honi, gunia, mukene. Honi, gunia, mukene. Tulirudia pengine mara thelathini kwa siku, hadi majirani wakauliza kama gari letu lina hitilafu. Baada ya siku sita hivi, honi iliyokuwa ikimwita Simba getini ikaanza kumpeleka kwenye gunia lake, mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Sijawahi kuona sauti ileile ikibadilika maana mbele ya macho yangu namna hiyo. Hata leo, bodaboda wa kuleta chakula akipiga honi kwa jirani, Simba huinuka na kwenda guniani, na tunahakikisha hakosi chochote.

Sifa kubwa ya huduma hii, ile inayonifanya niipendekeze licha ya cheni na licha ya gharama ya fundi, ni kwamba Afande alitumia karibu nusu ya muda wake kwa askari na dada badala ya kwangu. Alimketisha askari wa mchana, akazungumza naye kama mkuu anavyozungumza na askari mwenzake, na kumwonyesha kwamba fimbo ilikuwa inamwongezea kazi. Alimpa kopo la mukene litundikwe kwenye msumari kibandani. Alimfanya afungue geti mara ishirini mfululizo huku akimsahihisha mkono, mguu, hata pumzi. Nimewahi kusikia wenye mbwa wakilalamika kwamba mbwa humtii mwalimu peke yake. Kwetu hali haikuwa hivyo, kwa kuwa wiki mbili za mwisho Afande hakuishika kamba hata mara moja.

Hata hivyo alimsahau askari wa usiku, ambaye huingia saa kumi na mbili jioni, baada ya vikao kumalizika. Ilibidi mimi mwenyewe nimkumbushe katika kikao cha sita, na kikao cha saba kikasogezwa hadi jioni ili askari huyo naye afundishwe. Kwa mwalimu mwenye uzoefu wa malindo ya usiku na mchana, hilo lilinishangaza. Vilevile hakutuachia maelezo yoyote ya maandishi. Nililazimika kuandika kila kitu kwenye daftari la mtoto, na karatasi iliyobandikwa leo kibandani, kwa Kiswahili upande mmoja na Luganda upande wa pili, ni kazi yangu na ya dada. Mara mbili alichelewa kwa sababu ya mvua na msongamano wa magari, lakini alipiga simu mapema na kufidia muda, kwa hiyo hilo simhesabii.

Kuhusu kumtembeza, alitutaka tutoke naye saa kumi na mbili asubuhi kabla barabara haijajaa, nusu saa, kamba ikiwa imelegea na mbwa akiruhusiwa kunusa atakacho. Mume wangu ndiye aliyechukua jukumu hilo na sasa hataki kuliachia. Kuhusu kuhasiwa, Afande aliligusia kwa haraka tu, nasi tukalipata kwa undani kutoka kwa daktari wa mifugo: mbwa dume asiyehasiwa huvutwa mbali na harufu ya jike aliye kwenye joto, na madume wengi hupunguza uzururaji baada ya upasuaji, ingawa upasuaji peke yake hauifuti tabia iliyokwisha kuzoeleka. Simba alihasiwa mwezi wa Aprili, kati ya kikao cha tano na cha sita. Siwezi kutenganisha ni kiasi gani cha utulivu wake kinatokana na kisu na kiasi gani na gunia, na sitajifanya kwamba naweza.

Sehemu nyingine iliyonigusa ni somo la nini kifanyike mbwa akishatoka. Sisi sote, askari akiwa mbele, tulikuwa tukimkimbiza. Afande alitueleza kwamba kwa mbwa kufukuzwa ni mchezo, na kwamba binadamu hana miguu ya kuushinda mchezo huo. Unatakiwa usimame, uite jina kwa sauti ya furaha, ukimbie kuelekea upande mwingine, au uchuchumae na kutikisa kopo la mukene. Akirudi, hata kama moyo wako unawaka, humchapi wala humkemei. Unamshika, unampa kipande, unaingia naye ndani. Pia tusimwite "njoo" kwa ajili ya kumwogesha au kumfunga, ili neno hilo lisichafuke. Binti yangu Zawadi alilishika somo hili kuliko watu wazima. Mwezi wa Mei alimrudisha Simba peke yake, baada ya fundi wa maji kuacha milango yote miwili wazi, kwa kuketi tu kwenye nyasi za kando ya barabara na kulitikisa kopo.

Niongeze neno juu ya kichaa cha mbwa, kwa sababu kwangu ndilo linalolifanya suala la geti kuwa la afya na si la usumbufu tu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mbwa anayechomoka kila wiki hukutana na mbwa wasiojulikana walipotoka, hupigana nao, kisha hurudi kulala karibu na watoto. Afande alikataa kuanza kazi kabla ya kuona kadi ya chanjo ya Simba, nami nampa sifa kwa hilo. Aliwaambia pia maaskari kwamba mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua.

Mtihani wa kweli ulikuja tarehe 3 Juni. Wanaoishi upande wetu wanajua Siku ya Mashahidi wa Uganda ilivyo: siku kadhaa kabla yake mahujaji huanza kupita kwa miguu kuelekea Namugongo, wengine wakiwa wametoka Kenya, Kongo na Tanzania, wakiimba, wakibeba mikeka na mitungi ya maji, pamoja na wachuuzi, pikipiki na magari yasiyohesabika. Mwaka uliotangulia Simba alitoroka katikati ya umati huo na tukampata usiku wa manane karibu na soko. Mwaka huu tulipokea wageni kumi na wawili kutoka kwa ndugu zangu wa Arua, na geti likawa linafunguka na kufungwa tangu alfajiri. Simba alishinda guniani. Aliinuka mara mbili kundi la waimbaji lilipopita karibu sana, askari akasema "linda", naye akalala tena, masikio yakiwa yamesimama na mkia ukipiga gunia. Saa saba mchana kopo la mukene lilikuwa tupu na dada akaenda kununua jingine.

Kuna wanaouliza kwa nini hatukumpeleka kwenye mafunzo ya bweni, ambako mbwa hukaa na walimu mwezi mzima na kurudishwa akiwa amefuzu. Tulipewa bei ya huduma kama hiyo na ilikuwa zaidi ya mara mbili ya tuliyolipa. Sina ubaya nayo kwa mambo mengine, kama vile kumzoesha mbwa kutembea kwenye kamba. Kwa tatizo la geti, hata hivyo, siishauri. Mbwa atajifunza kusubiri kwenye geti la mwalimu, kwa honi ya gari la mwalimu, akiwa na watu wa mwalimu. Atarudi kwenye geti lenu ambako askari bado ana fimbo na mlango bado ni mmoja.

Nampa Afande alama nne kati ya tano. Tumekubaliana arudi kwa vikao viwili mwezi wa Novemba, kwa shilingi 60,000 kila kimoja, kwa sababu lipo jambo moja ambalo wiki nane hazikuligusa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya fataki hurushwa pande zote za Kampala, na mbwa anayekimbia kwa hofu hasikii neno lolote wala hanusi mukene. Afande amesema hatutamfundisha kusubiri getini usiku huo. Tutamzoesha chumba cha stoo tangu sasa, gunia lake likiwa humo, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi na redio ikiwa imefunguliwa, na tarehe 31 Desemba mlango wa stoo utafungwa kabla jua halijazama. Zawadi ameomba alale huko pamoja naye, na bado tunajadiliana.